Skripti Iliyosema Salama

Makabidhiano rasmi nimeshaandika. Yamo kwenye kabati la kijani, rafu ya chini, pamoja na ufunguo ambao kwa miaka yote sikuwahi kujua unafungua nini. Haya ni mengine. Nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye chumba cha kompyuta cha ofisi yetu ya maji, ambao siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, wakati ambapo sina tena haja ya kujua ni saa ngapi. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja nilikipata kwa sababu mwenzangu alihama.

Siku yangu ya kwanza chumba hicho kilikuwa bado ni stoo ya mabomba. Kulikuwa na kompyuta tatu, meza mbili, na bwana mmoja kutoka upande wa Machakos aitwaye Mutiso, ambaye ndiye angenifundisha kazi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi mjini, nimelelewa kwa kusalimia. Nikamwambia shikamoo. Akanijibu, "Seva imekufa." Nilidhani ndivyo wanavyoitikia kwao. Baadaye nikagundua kwamba seva kweli ilikuwa imekufa, na kwamba Bwana Mutiso hakuwa na ubaya wowote, ila alizoea kuanza na kilichoharibika. Salamu kwake zilikuja mwishoni, zikibakia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Programu kubwa wanayoitumia makarani, yenye vitufe na rangi, haifanyi kila kitu yenyewe. Kupanga ratiba ya malori iwe karatasi ya kuchapishwa, kubana mafaili, kutuma ujumbe wa simu: kila kazi ya aina hiyo ina programu yake ndogo, ya zamani, isiyo na sura, ambayo mtu huiamuru kwa kuandika mstari mmoja kwenye dirisha jeusi. Sisi tuliifundisha ile kubwa iziamuru hizi ndogo bila mtu kukaa mbele ya kibodi. Ukiitazama vizuri ni kazi ya kutuma mjumbe. Unamtuma, unamngoja, unapokea jibu. Nimeifanya kwa miaka ishirini na sita, na sehemu zote tatu nimeziona zikiharibika.

Mwezi wa kwanza niliharibu ya kwanza. Mstari wangu wa kuchapisha ratiba ulifanya kazi vizuri nilipouandika mwenyewe, lakini programu kubwa ilipouandika ule ule, haikutoka hata karatasi moja. Nilikaa nao siku mbili. Nilibadilisha hata kiti. Bwana Mutiso alikuja, akatazama, akaniambia kwamba mimi nikitaka programu ndogo najua inakoishi, kwa kuwa mashine imenizoea, lakini ile kubwa ni mgeni na hajaelekezwa mtaa wala nyumba. Nikaandika njia yote, kuanzia mlango wa mbele hadi chumba cha ndani. Karatasi zikatoka. Tangu hapo kila mara mtu akiniambia kwamba kwake inafanya kazi, humwambia sina shaka nalo.

Ya pili ilikuja Ijumaa moja. Programu ndogo ya kufuta mafaili ya zamani, kabla ya kufuta, huuliza: una hakika? Mtu akiwa mbele yake hujibu ndiyo au la. Tulipoiamuru kutoka ndani ya programu kubwa, iliuliza kama kawaida yake, na hapakuwa na mtu. Ikangoja. Ilingoja Jumamosi, ikangoja Jumapili, na Jumatatu asubuhi tulikuta mashine nzima imesimama nyuma yake kwenye foleni, kila kazi ikingoja ile moja ijibiwe. Bwana Mutiso aliniuliza kwetu mtu akifika nyumba ya watu hungoja mlangoni muda gani. Nikamwambia hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Akasema basi iandike hivyo. Nikaandika: jaribu mara tatu, kila mara sekunde thelathini, kisha ondoka na useme umeondoka. Ile hodi ya mara tatu ingalimo humo mpaka leo na haijawahi kutuangusha.

Nasema hayo ili mjue kiburi kilitoka wapi. Niliona kwamba adabu ya nyumbani kwetu ni msaada katika kazi hii, na nikaanza kuitia kila mahali.

Bwana Mutiso alistaafu akarudi kwao kulima maembe, na chumba nikaachiwa mimi. Wakati huo tulikuwa tumeanza kupeleka maji kwa malori huko Ganze, maana kiangazi kilikuwa kimekaza na visima vimebaki majina. Kila kijiji kilikuwa na tangi la plastiki lenye kofuli na siku yake ya lori. Siku ikibadilika, karani alibonyeza kitufe, na programu kubwa ikaiamuru skripti yangu, yaani faili fupi lenye amri kadhaa zinazofuatana, impelekee ujumbe wa simu mtu aliyechaguliwa na kijiji kutunza ufunguo wa tangi. Skripti ilikuwa na mistari mitatu ya maana. Wa kwanza uliituma programu ndogo ipeleke ujumbe kupitia modemu, kile kidude chenye laini ya simu kilichochomekwa ubavuni mwa mashine. Wa pili uliandika kwenye daftari la mashine kwamba kazi imefanyika. Wa tatu niliuongeza mwenyewe. Niliona si vizuri mjumbe arudi, asimame kimya, aondoke. Nikamwandikia aseme "Salama."

Sasa hapa wale msiojua nawaomba mvumilie kidogo. Kila programu ndogo ikimaliza huacha nambari. Sifuri maana yake mambo yamekwenda vizuri. Nambari nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Na skripti yenye mistari kadhaa huacha nambari ya mstari wake wa mwisho. Hilo nililijua, kwa kuwa nililisoma na kulifanyia mtihani. Lakini mstari wangu wa mwisho ulikuwa wa kusema salama, na kusema salama hakujawahi kumshinda mtu. Kwa hiyo hata ujumbe ungeshindwa, hata modemu ingeungua, skripti ingesema salama, ingeacha sifuri, na programu kubwa ingeandika kwa rangi ya kijani: UMEFIKA.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi. Hizi programu ndogo zina midomo miwili, mmoja wa kutoa majibu na mmoja wa kutoa malalamiko. Malalamiko yalikuwa yanajaza daftari kwa mambo ya kipuuzi, nikaiagiza programu kubwa iyatupe.

La tatu lilikuwa feni. Mwezi wa tatu chumba kile hupata joto la tanuri la mkate, na nilikuwa nimenunua feni ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Tundu zuri lilikuwa limekaliwa na modemu. Nikaichomoa, nikaichomeka upande wa pili, nikaweka feni yangu. Modemu ikapewa mlango mwingine na mashine. Skripti ikaendelea kugonga mlango wa zamani, ambako sasa palikuwa na upepo.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, alikuja mwanamke mmoja kaunta. Alikuwa Mgiriama wa makamo, amejifunga leso mbili, viatu vimejaa vumbi jekundu, simu ya vitufe ameishika mkononi kama mtu aliyeshika risiti. Karani alimleta kwangu kwa kuwa alisema shida yake ni ya kompyuta. Nilimkaribisha kiti. Nikamuuliza habari za Ganze, akasema njema. Habari za watoto, njema. Habari za mifugo, njema. Habari za safari, njema kabisa. Akaniuliza zangu, nikamwambia njema. Kisha akaweka simu juu ya meza.

"Ila nimenyang'anywa ufunguo," akasema.

Aliitwa Mama Charo, na ndiye aliyekuwa mtunza tangi wa kijiji chake. Alinieleza pole pole. Siku yao ya lori ilikuwa Jumanne. Jumanne hiyo wanawake walikuja na mitungi na punda, wengine kutoka mbali sana, wakakaa juani mpaka jua likazama, na lori halikuja. Kumbe ofisi ilikuwa imeihamishia safari siku ya Alhamisi. Alhamisi lori likaja, na hapakuwa na mtu: kijiji chote kilikuwa kimekwenda kuchota kwenye bwawa la mbali, na Mama Charo na ufunguo wake pia. Dereva alipiga honi, akangoja, akaendelea na maji yake hadi kijiji kinachofuata. Na kijiji kinachofuata, kwa bahati mbaya yake, ndiko alikozaliwa Mama Charo. Ndugu zake walikunywa.

Mnaweza kujimalizia wenyewe yaliyosemwa. Ilisemwa aliupata ujumbe akauficha, maji yaende kwao. Yeye alisema hakupata ujumbe wowote. Mzee wa kijiji, ambaye ni mtu wa haki, hakutaka kuhukumu kwa maneno matupu, akauliza ofisi. Ofisi ikachapisha karatasi. Karatasi ilionyesha jina lake, nambari yake, tarehe, saa na dakika, na mbele yake: UMEFIKA. Ilisomwa mbele ya watu. Akavuliwa ufunguo siku hiyo hiyo.

Nami nilifanya nini? Nimejiahidi kuandika kila kitu. Niligeuza skrini yangu ili aione, nikamwonyesha ile rangi ya kijani, nikamwambia kwa upole kabisa, "Mama, huu hapa. Ulifika."

Hakukasirika. Aliitazama skrini kwa muda, akaniambia, "Mimi kusoma kwangu ni kidogo. Lakini simu yangu naijua."

Ili kumaliza maneno, na niseme wazi kwamba nia yangu ilikuwa ni kumwonyesha amekosea, nilimwambia tujaribu. Simu yake ilikuwa juu ya meza kati yetu. Nikamwandikia ujumbe mfupi wa majaribio, nikabonyeza kitufe. Skrini ikaandika papo hapo, kwa kijani: UMEFIKA. Tukaitazama simu. Haikulia. Nikamwambia wakati mwingine mtandao huchelewa. Tukaendelea kuitazama. Feni yangu ilikuwa inazunguka. Karani alipita, akatuona wanawake wawili tumeinamia simu kimya, akarudi alikotoka.

Baada ya dakika kumi aliniuliza kama inaonyesha bado kwamba imefika. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nawe umeona."

Nilifungua dirisha jeusi, nikaiendesha skripti kwa mkono wangu, bila programu kubwa kusimama katikati ikitupa malalamiko. Mstari wa kwanza ukalalamika: modemu haipo. Wa pili ukaandika daftarini kwamba kazi imefanyika. Na chini yake, kwa adabu zote nilizoifundisha, skripti ikasema Salama.

Nilisikia aibu ambayo sijaisahau. Nilikuwa nimetoka kumsikia Mama Charo akiitika njema mara nne kabla ya kusema ila, na mimi nikakaa nikangoja ile ila, kwa kuwa kila mtu wa pwani anajua kwamba njema ni ya kufungulia mlango tu, habari yenyewe inakuja baadaye. Skripti yangu niliifundisha njema ikaishia hapo. Ila yake niliamuru itupwe.

Nikachomoa feni. Nikarudisha modemu mahali pake, nikatuma tena. Simu ikalia juu ya meza, tukashtuka sote wawili. Mama Charo aliichukua, akaitazama, akaizima. Nilimwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja.

"Kule nani atawaambia?"

Mkubwa wetu wa wakati huo, ambaye sasa yuko kwingine na simlaumu, alipendekeza tuandike barua kwamba kulitokea hitilafu ya kimitambo. Ni maneno mazuri. Hayana mtu ndani yake. Nilirudi chumbani nikampigia simu Bwana Mutiso huko kwenye maembe yake, nikamsomea ile barua. Aliniuliza kwenye karatasi iliyomvua mama yule ufunguo palikuwa na jina la mtu au hapakuwa. Nikasema lilikuwako, jina lake na nambari yake ya simu. Akasema basi na hii iwe na jina. Kisha akaniuliza hali yangu.

Barua haikwenda. Nilikwenda mimi, kwenye lori la maji, Jumanne iliyofuata, nimekaa katikati ya dereva na Mama Charo, ambaye njiani alilala usingizi mzuri. Mimi sikulala.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye tangi, wanawake wengi na mitungi yao, mzee wa kijiji ameletewa kiti. Tulisalimiana kwa Kigiriama, changu kibovu. Kisha mzee akageukia Kiswahili kwa heshima yangu, akaniuliza, "Habari za Malindi?"

Katika maisha yangu yote swali hilo nimelijibu kwa neno moja. Nimelijibu hivyo nikiwa na homa, nimelijibu hivyo siku ya msiba wa mama yangu. Siku hiyo nilisema, "Si njema, mzee. Kuna kosa, na kosa ni langu."

Bibi mmoja nyuma akauliza kama mgeni ni mgonjwa.

Niliwaeleza kwamba ile karatasi ilisema uongo, kwamba ujumbe haukuondoka hata mezani kwangu, na kwamba Mama Charo tangu siku ya kwanza alikuwa anasema kweli. Mzee alitaka kujua karatasi inawezaje kusema uongo ilhali haina kinywa. Nikamwambia niliiandikia mimi cha kusema kabla sijajua kilichotokea. Hilo alilielewa mara moja. Akataka kujua ujumbe ulizuiwa na nini. Nikasema feni.

"Feni," akasema.

"Feni yangu, mzee. Kulikuwa na joto."

Wanawake waliokuwa wamekaa Jumanne nzima juani walinitazama. Nimewahi kukemewa na wakubwa wengi, baadhi yao kwa maandishi, na hakuna aliyenifikia kama ule mtazamo.

Mzee akamwita mwanamke aliyepewa ufunguo, akautoa. Mama Charo aliupokea kwa mikono miwili. Alikwenda kwenye tangi, akafungua kofuli, akamwambia dereva alete mpira wa maji, kwa kuwa maji yalikuwa yanangoja. Baadhi ya watu walimfuata kumwomba radhi. Wengine walisema haya, wakapanga mitungi. Wawili, aliniambia baadaye, hawakumsalimia mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nilichovunja kwa mstari mmoja sikuweza kukiunga chote kwa safari moja, na hilo bado linaniuma.

Mliyoyakuta kwenye mashine ndiyo niliyoyafanya wiki ile. Skripti sasa hurudisha nambari ya kazi yenyewe, si ya salamu. Malalamiko hayatupwi, yanasomwa kila asubuhi, hata yale ya kipuuzi, na mtu aliyekunywa chai. Modemu huitwa kwa jina lake, hata ikihamishwa tundu. Na lile neno UMEFIKA nililifuta kabisa. Programu huandika UMETUMWA, ambalo ndilo pekee tunalolijua, na haiandiki AMEJIBU mpaka mtu wa upande wa pili ajibu mwenyewe. Asipojibu tunapiga simu, hodi mara tatu, na asipopatikana tunamtuma mtu. Makarani walinung'unika kwamba kijani kimepungua kwenye skrini. Ni kweli kimepungua.

Mama Charo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, na kwa miaka yote iliyofuata hakuacha ujumbe hata mmoja bila jibu. Kama ilivyo kawaida yake, huanza na salama. Kisha: ila kofuli imeota kutu. Ila punda wa jirani ameuma mpira. Ila watu wameongezeka, leteni lori kubwa. Ninyi mlikuwa mkicheka mkiona zinaingia. Mimi nilizisoma zote.

Ofisi nimeiacha Ijumaa. Jumatatu nilikuwa nyumbani Muyeye, saa yenu nimeitundika ukutani, nimekwisha kufagia, kupika na kufagia tena, na ilikuwa bado saa tatu ya asubuhi. Simu ikalia. Alikuwa Mama Charo, kuna aliyemwambia. Akaniuliza habari za kustaafu. Nikamwambia njema. Habari za nyumbani, njema. Habari za kupumzika, njema kabisa.

Hakuagana. Alingoja upande wa pili, nami nikawasikia kuku wa kwake wakilia.

"Ila?" akaniuliza.

Nikavuta kiti nikakaa, nikamweleza.